Mirunda

Eliringia Mmari anakaa Pasua,
anajenga Majengo.
Mitaa ya Moshi haina utani na majina.
Leo amekuja maabara kutoka wodini
akishika ukuta kama anayeupima kwa timazi,
siku ya sita ya kuhara damu,
na swali moja:
"Dada, huyu mdudu ananibomolea nini?"

Nikamkalisha kwenye stuli, nikazima taa.
Kwenye kioo nikamwonyesha seli.
Si zako, nikamwambia, hizi tumeziotesha kwenye chupa,
na nyuzi zake tumezipaka kijani
ili jicho lipate pa kushika.

Akanyamaza. Fundi hulisoma jengo kwanza.
"Hii ni mirunda."

Ndiyo, mirunda.
Seli imeegemezwa kwa ndani,
nyuzi zinasimikwa, zinang'olewa, zinasimikwa tena,
usiku kucha, bila msimamizi,
bila hata mmoja kudai posho.

"Na hiki chekundu?"

Kijiti.
Vipange mia tatu, kichwa kwa kisogo,
hujaimaliza milimita.
Hakikuvunja mlango.
Kilichoma sindano, kikanong'ona kitu humo ndani,
na ngozi ya seli ikajikunja, ikatoa mikono,
ikakivuta yenyewe,
kama mtu afunguaye geti usiku
kwa kuwa ameitwa kwa jina lake la utotoni.

Kikafungiwa kwenye kifuko. Kikakipasua.
("Pasua," akacheka Eliringia, akashika tumbo.)

Kisha, hapa ndipo usingizi huniruka,
hakina miguu, hakina mkia wa kuogelea,
kimeingia mikono mitupu
na kinaita mirunda.
Inakuja.
Nyuzi zilizobeba kuta zinajipanga nyuma yake,
fungu juu ya fungu,
zinakisukuma,
zinakisukuma,
mkia wa kijani nyuma ya kijiti chekundu,
mpaka kigonge ukuta wa jirani
kiubonyeze, uingie ndani kama kidole kwenye donge la ugali,
na kihamie.
Nyuma kinaacha nyumba
ambayo bado imesimama
ila haiikumbuki ramani yake.

Eliringia akafuta jasho.
"Mwaka juzi tulikuwa na ghorofa njia ya Rau.
Usiku mmoja mirunda yangu kumi na minne ikatoka,
ikafungwa kwa kamba zangu, ikawa ngazi,
wakaibiwa wa upande wa pili.
Asubuhi polisi wakanishika mimi.
Mirunda ilikuwa na rangi yangu."

Vitabuni mwangu hamna ukurasa huo.
Au umo, kwa maneno mengine:
askari weupe wa damu huja mbio,
hupiga mgeni, hupiga na mwenyeji,
na ile damu uliyoiona chooni
sehemu yake ni kazi ya mikono yetu.
Sikumwambia. Mgonjwa ana mzigo wake.

"Sawa. Dawa inamuua mdudu.
Mirunda nani anairudisha?"

Hairudishwi, nikasema.
Seli iliyoharibika hutupwa nzima
na utumbo hujenga ukuta mpya,
siku nne, siku tano.

"Siku tano!" Akapiga mluzi hafifu.
"Mimi tano namaliza msingi, mvua ikinihurumia.
Na hao mafundi wanalipwa nini?"

Uji. Chumvi kidogo, sukari kidogo,
maji yaliyochemka, si ya mfereji ule.

Akainuka polepole, goti kwanza.
Mlangoni akasimama, nikadhani kizunguzungu,
kumbe anabonyeza fremu kwa kiganja,
juu, kati, chini,
jicho moja amelifumba.
"Hii imepinda," akasema.

Miaka tisa napita pale.
Alipokwenda nikafumba jicho moja.
Ilikuwa imepinda.